Kuzidisha Mitajo ya Aljebra na Haki ya Mrithi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola aliyekiumba kila kitu kwa kipimo. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Masuala ya mirathi ni miongoni mwa masuala ambayo maimamu wetu huulizwa mara kwa mara, na wengi wao hujibu vyema panapohusu mafungu. Nani anapata nusu, nani anapata robo, nani anapata thumuni, nani anamzuia nani. Haya yote mwanafunzi wa faradhi huyajua kwa moyo. Lakini fungu likishajulikana, huja suala la pili ambalo halipewi uzito wake: nusu ya kiasi gani? Robo ya shamba lenye ukubwa gani? Mtu anaweza kuyapatia mafungu yote kama yalivyo katika Suratun-Nisaa, kisha akadhulumu kwa sababu hakujua kuzidisha.

Katika makala haya tumekusudia kueleza mlango mmoja mdogo wa hisabati, nao ni kuzidisha mitajo ya aljebra, yaani kuzidisha hesabu zenye sehemu zaidi ya moja ambazo baadhi ya sehemu zake hazijulikani. Wanafunzi wa sekondari huzijua kwa jina la polinomia, na wengi huzichukia. Tutaonesha, inshaallah, kuwa mlango huu ulipangwa na Waislamu katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mirathi, wasiya na upimaji wa ardhi, na kwamba anayeuacha huenda akala haki ya mtu bila kujua.

Mfano wa shamba la Shume

Tuchukue mfano kutoka Shume, juu katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Ni nchi ya baridi, ya viazi, kabichi na karoti, yenye mashamba yaliyokatwa kwa matuta ya ngazi kwenye miteremko. Ardhi ni finyu na watu ni wengi, kwa hiyo kila hatua ya ardhi ina thamani. Mfano wenyewe tumeutunga kwa ajili ya kufundishia.

Mzee mmoja alikuwa na ekari moja. Wakulima wengi nchini huhesabu ekari kuwa ni hatua 70 kwa hatua 70, nasi tutafuata hesabu hiyo. Baadaye alinunua kwa majirani zake, akaongeza hatua 10 upande wa urefu na hatua 10 upande wa upana, shamba likabaki na pembe zake nne zilizonyooka. Kisha akafariki. Mkewe na wazazi wake walikwisha tangulia mbele ya haki, na ameacha mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Fungu la kila mmoja liko wazi: mwanamume ana nusu, na kila binti ana robo.

Sasa shamba lina ukubwa gani? Anasimama mtu na kusema: “Ekari ya mzee ni 70 mara 70, yaani 4,900. Nyongeza ni 10 mara 10, yaani 100. Jumla ni 5,000.” Waliohudhuria wanaitikia kwa vichwa, kwani maneno yanapendeza masikioni. Kaka anachukua 2,500 na kila dada anapewa 1,250.

Lakini shamba lenyewe lina hatua 80 kwa hatua 80, na 80 mara 80 ni 6,400. Hatua za mraba 1,400 zimepotea katika maneno, wala hazikupotea ardhini. Ziko pale pale, zimeota viazi, na atazilima yule aliye karibu nazo au mwenye nguvu zaidi. Haki ya kila binti ilikuwa 1,600, naye amepewa 1,250. Amepunjwa hatua za mraba 350, yaani kipande cha hatua 10 kwa hatua 35. Wala hapana aliyekusudia kumdhulumu.

Zilipojificha hizo 1,400

Achora mtu shamba hilo chini kwa kijiti. Kwanza achore mraba wa ekari ya zamani, 70 kwa 70. Kisha aongeze ukanda wa hatua 10 upande mmoja, na ukanda mwingine wa hatua 10 upande wa pili. Ataona vipande vinne, si viwili:

– mraba wa zamani, 70 mara 70, ambao ni 4,900;
– ukanda wa kwanza, 70 mara 10, ambao ni 700;
– ukanda wa pili, 10 mara 70, ambao ni 700;
– pembe mpya, 10 mara 10, ambayo ni 100.

Jumla yake ni 6,400. Yule mzungumzaji alihesabu mraba na pembe, akaziacha kanda mbili za katikati. Na hizo kanda mbili ndizo 1,400.

Hii ndiyo kanuni yote ya mlango huu, na mengine ni matawi yake: kila sehemu ya upande mmoja lazima ikutane na kila sehemu ya upande wa pili, isiachwe hata moja. Upande mmoja ukiwa na sehemu mbili na wa pili ukiwa na sehemu mbili, pana mazidisho manne. Ukiwa na tatu kwa mbili, pana mazidisho sita. Asiyeyafikisha idadi yake ajue kuna kitu amekiacha, na kilichoachwa kina mwenyewe.

Al-Khwarizmi na kitabu chake

Kanuni hii aliieleza Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyekuwa mwanachuoni wa Baytul-Hikma mjini Baghdad katika zama za Khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 198 hadi 218 Hijria (813 hadi 833 Miladia). Kitabu chake kinajulikana kwa neno la al-jabr wal-muqabala, na ni kutokana na neno hilo la al-jabr ulimwengu mzima umepata neno aljebra. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1145 na Robert wa Chester, na kwa njia hiyo na mfano wake elimu hii ikaenea Ulaya.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni lengo la kitabu chenyewe. Katika utangulizi wake Al-Khwarizmi anaeleza kuwa amekusanya yale ambayo watu wanayahitaji katika mirathi na wasiya zao, katika kugawana, katika mashauri na biashara zao, na katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Karibu nusu ya kitabu inahusu masuala ya wasiya. Kwa hiyo aljebra haikuingizwa katika fiqhi kutoka nje, bali ilikaa na fiqhi chini ya paa moja tangu siku ya kwanza.

Al-Khwarizmi hakutumia herufi wala alama kama tunavyofanya leo. Aliandika kwa maneno matupu. Kisichojulikana alikiita shai, yaani kitu, na kikizidishwa kwa nafsi yake alikiita mal, neno lile lile ambalo kwetu ni mali. Leo wanafunzi wetu huandika x badala ya kitu, na x² badala ya mali, lakini maana ni ile ile.

Katika mlango wa kuzidisha alianza na namba za kawaida, kwa makumi na mamoja, kisha akapanda kwenye kitu kisichojulikana. Nasi tufuate njia hiyo. Mathalani 12 mara 13. Kumi na mbili ni 10 na 2, na kumi na tatu ni 10 na 3. Mazidisho ni manne: 10 mara 10 ni 100, 10 mara 3 ni 30, 2 mara 10 ni 20, 2 mara 3 ni 6. Jumla ni 156. Kila mtoto aliyejifunza kuzidisha amekwisha fanya aljebra hii bila kuambiwa jina lake.

Sasa tuliache shamba la ekari moja na tuchukue shamba lolote la mraba ambalo upande wake hatuujui. Upande ni kitu, na umeongezwa 10 huku na huku. Basi kitu na 10 mara kitu na 10 ni mali moja, na vitu 10, na vitu 10 vingine, na 100. Kwa alama za leo:

(x + 10)(x + 10) = x² + 20x + 100

Hapo panaonekana kosa la yule mzungumzaji: aliziacha 20x. Na ubaya wa kosa hilo ni kwamba hukua pamoja na shamba. Upande ukiwa hatua 70 hupotea 1,400, na ukiwa hatua 200 hupotea 4,000. Kadiri urithi unavyokuwa mkubwa ndivyo dhuluma inavyokuwa kubwa.

Pungufu mara pungufu

Wanafunzi wengi hukwama pale wanapoambiwa kuwa hasi mara hasi ni chanya. Hukubali kwa kuogopa mtihani, lakini nyoyo zao hazitulii. Al-Khwarizmi aliiweka kanuni hiyo kwa maneno ya zaidi na pungufu: zikiwa sehemu mbili zote ni za zaidi, zidisho lake ni zaidi, zikiwa zote ni pungufu, zidisho lake ni zaidi vilevile, ikiwa moja ni zaidi na nyingine ni pungufu, zidisho ni pungufu. Hebu tuirudishe ardhini.

Ekari ile ya 70 kwa 70 imekatwa hatua 10 upande mmoja ili ipite njia, na hatua 10 upande wa pili ili upite mfereji wa maji. Ukanda wa njia ni 70 mara 10, yaani 700. Ukanda wa mfereji ni 700. Ukizitoa zote mbili katika 4,900 unabakiwa na 3,500. Lakini shamba lililobaki ni 60 mara 60, yaani 3,600. Hiyo 100 imetoka wapi?

Imetoka pembeni. Pale njia na mfereji vinapokutana pana kipande cha 10 kwa 10 ambacho umekitoa mara mbili, mara moja pamoja na njia na mara ya pili pamoja na mfereji. Ardhi haiwezi kuchukuliwa mara mbili, kwa hiyo lazima uirudishe mara moja. Kurudisha huko ndiko kuzidisha pungufu kwa pungufu:

(x – 10)(x – 10) = x² – 20x + 100

Na hukumu yake katika muamala iko wazi. Ikiwa anayepitisha njia na mfereji atalipa fidia, basi anadaiwa ya hatua za mraba 1,300. Akidaiwa 1,400 ametozwa 100 zisizokuwa na ardhi nyuma yake. Uadilifu hauangalii upande mmoja tu.

Kubadilishana ardhi

Jirani anamwambia mwenziwe: “Nipe hatua 10 za upana wako, nami nitakuongezea hatua 10 za urefu. Kumi kwa kumi, hakuna aliyepungukiwa.” Ikiwa shamba lilikuwa mraba, maneno haya si sahihi, nayo aljebra inalibainisha jambo hili bila hata kujua ukubwa wa shamba:

(x + 10)(x – 10) = x² + 10x – 10x – 100 = x² – 100

Vitu 10 vilivyozidi vimefuta vitu 10 vilivyopungua, na ikabaki pungufu ya 100. Ekari ya 70 kwa 70 imekuwa 80 kwa 60, yaani 4,800. Shamba likiwa dogo au kubwa, mwenye mraba amepoteza hatua za mraba 100, mahali panapotosha kujenga nyumba ndogo. Wakilijua wote wawili na wakaridhiana, mabadilishano yao hayana ubaya. Lakini akilijua mmoja na akamficha mwenziwe, huo ni udanganyifu, na sote tunajua Mtume (s.a.w.) alivyomuonya anayechukua hata shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma.

Wasiya wenye mzunguko

Mpaka hapa tumezungumzia ardhi. Sasa tuje kwenye wasiya, ambako kitu kisichojulikana huingia ndani ya hesabu yenyewe. Mtu amefariki na warithi wake ni watoto watatu wa kiume tu. Ameusia yatima wa jirani apewe sawa na fungu la mtoto mmoja, na msikiti upewe theluthi ya kitakachobaki katika theluthi ya tirka baada ya kutolewa fungu la yatima. Hapa pana mzunguko: hatulijui fungu la mtoto mpaka tujue wasiya, wala hatuujui wasiya mpaka tulijue fungu la mtoto. Masuala ya namna hii yamo katika vitabu vikubwa vya madhehebu yetu, na Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameyaeleza katika Raudhatut-Talibin, akiitaja na njia ya jabr na muqabala.

Tulifanye fungu la mtoto kuwa ni kitu. Theluthi ya tirka ukiondoa kitu, ndicho kilichobaki. Msikiti unapata theluthi yake. Theluthi lazima ikutane na sehemu zote mbili: theluthi ya theluthi ya tirka ni moja ya tisa ya tirka, na theluthi ya kitu ni pungufu. Msikiti basi una 1/9 ya tirka kasoro 1/3 ya kitu. Ukiongeza kitu cha yatima, wasiya wote ni 1/9 ya tirka na 2/3 ya kitu. Kilichobaki kwa warithi ni 8/9 ya tirka kasoro 2/3 ya kitu, nacho ni sawa na vitu 3, kwa kuwa watoto ni watatu.

Hapa ndipo inapokuja jabr, yaani kukiunga kilichovunjika. Iliyopungua 2/3 ya kitu tunairudisha pande zote mbili: 8/9 ya tirka ni sawa na vitu 3 na 2/3. Tukizidisha kote kwa 9, tirka 8 ni sawa na vitu 33. Basi tuigawe tirka sehemu 33, na kitu kitakuwa sehemu 8.

Tuhakikishe. Theluthi ya 33 ni 11. Yatima anapewa 8, zinabaki 3. Msikiti unapewa theluthi ya 3, yaani 1. Wasiya wote ni 9, haukuvuka theluthi. Zinabaki 24, na kila mtoto anapata 8, sawasawa na yatima kama alivyousia marehemu. Hesabu imetimia.

Lau mgawaji angeizidisha theluthi kwa sehemu ya kwanza tu, akaiacha ya pili kama ilivyo, angesema msikiti una 1/9 ya tirka kasoro kitu kizima. Angefuatilia hesabu hiyo mpaka mwisho angekuta tirka ni 27 na kitu ni 8, na fungu la msikiti ni 3 kasoro 8. Yaani msikiti ulioachiwa wasiya ungedaiwa 5! Zidisho moja tu limeachwa, na wasiya umegeuka deni.

Mitajo mirefu

Waliokuja baada ya Al-Khwarizmi waliipanua elimu hii. Abu Kamil wa Misri aliendeleza masuala yake. Al-Karaji, aliyekuwa Baghdad mwanzoni mwa karne ya 11, alivuka mali akaenda kwenye vipeo vya juu zaidi. As-Samaw'al, wa karne ya 12, ambaye alisilimu mwaka 1163, akapanga mitajo hiyo katika majedwali ili kisichojulikana kihesabiwe kwa njia zile zile zinazotumika kwa kinachojulikana.

Mfano wake ni huu: mali na vitu 3 na 2, mara kitu na 4. Sehemu tatu kwa mbili, basi tunatarajia mazidisho sita:

(x² + 3x + 2)(x + 4) = x³ + 4x² + 3x² + 12x + 2x + 8

Tukizikusanya za jinsi moja, tunapata x³ + 7x² + 14x + 8. Sasa weka 10 mahali pa x. Upande wa kwanza unakuwa 132 mara 14, na upande wa pili unakuwa 1,000 na 700 na 140 na 8. Zote mbili ni 1,848. Mwanafunzi azoee kuhakikisha namna hii: aweke namba nyepesi mahali pa kisichojulikana, na pande mbili zisipolingana arudi alikotoka.

Hukumu ya kujifunza

Huenda akasema msemaji: haya ni mambo ya skuli, imamu yanamhusu nini? Tunajibu kwamba Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria), katika Ihyaa Ulumid-Din, ameihesabu elimu ya hesabu kuwa ni katika faradhi za kutoshelezana, kwa sababu haiepukiki katika miamala na katika kugawa wasiya na mirathi. Wanafunzi wa faradhi wanaisoma Rahabiyya kwa sherehe ya Sibt Al-Maridini wa karne ya 15. Wajue kuwa mwanachuoni huyo huyo ameisherehesha pia Yasaminiyya, utungo wa aljebra. Kwake yeye milango hiyo miwili ilikuwa jirani. Na hapa kwetu mkoani Tanga, Sheikh Ali bin Hemed Al-Buhriy aliona haja ya kuandika kitabu maalumu cha Mirathi. Hao wote walijua kuwa fungu bila hesabu ni ahadi isiyotekelezwa.

Kwa anayeitwa kugawa shamba, iwe Shume au kwingineko, tunausia mambo machache. Kwanza, apime kwa kamba au futi moja mbele ya warithi wote, kwani hatua ya mrefu si hatua ya mfupi, na hatua za kwenye mteremko si za kwenye tambarare. Pili, aangalie pembe, kwa sababu kuzidisha urefu kwa upana kunafaa pale pembe zilipokuwa zimenyooka; zisiponyooka amtafute mpimaji. Tatu, achore kila kipande na ahesabu mazidisho kabla ya kujumlisha. Nne, aandike na ashuhudishe, kama Allah (s.w.) alivyotuelekeza katika madeni. Tano, amuoneshe hesabu yule aliye dhaifu kuliko wote, binti au yatima, mpaka aielewe, kwani yeye ndiye asiyekuwa na sauti ya kudai ukanda uliosahauliwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie elimu yenye manufaa na atuepushe na kula haki ya mtu, kwa kujua au kwa kutojua. Amin. Wallahu a'lam.